Kapteni Ecodu na Sheria Mpya ya Mabaharia

Jumatatu, 2 Februari 2026

Dunia imebadilisha sheria za mabaharia na Busia nzima haina habari. Ninayejua ni mimi peke yangu!

Nimeisoma asubuhi kwenye kipande cha gazeti la Kenya ambacho mke wangu Nasirumbi alikuwa amefungia mukene, hao dagaa wetu wa ziwani, sokoni. Kilinuka, lakini kilisomeka. Tangu mwezi uliopita, anayesomea cheti cha usalama cha baharia lazima afundishwe pia namna ya kuzuia uonevu na unyanyasaji melini. Sheria ya kimataifa hiyo. Na mkataba wote wa mafunzo na vyeti bado wanaupitia upya, ukurasa kwa ukurasa. Kuna watu huko Ulaya wamekaa wanabishana juu yake miaka sasa, na wanapewa chai.

Mara moja nikaona mwanga. Sheria ikibadilika, cheti cha jana kimechacha. Na mimi nina wahitimu! Chuo cha Mabaharia cha Maziwa Makuu, chumba cha nyuma ya duka la saruji, mkuu wake mimi, Kapteni Ecodu, kimetoa mabaharia tisa katika miaka mitatu. Saba wamerudi kulima. Mmoja ni mlinzi Tororo. Mmoja ameokoka na hapokei simu zangu. Hakuna hata mmoja aliyezama. Chuo gani cha Mombasa kinaweza kusema hivyo?

Nitawarudisha wote darasani. Kozi ya Nyongeza! Gazeti halikusema wenye vyeti vya zamani warudi. Lakini halikusema wasirudi.

Nasirumbi ameuliza kama nimemaliza na ile karatasi, ana mteja anasubiri samaki. Ndiye mke niliyepewa.

Jumanne, 3 Februari

Wawili wamenikatia simu. Mmoja kanitukana kwa Kiteso safi, cha wazee. Waliobaki wako shambani, wanasema mvua inakaribia na bahari itasubiri.

Si neno. Wanafunzi wa mwaka huu ninao. Wawili.

Obore ni mwendesha boda wa Nagongera, miaka thelathini na mitano, mabega kama mlango. Anaogopa maji hata ya beseni. Akwi ni binti wa Kwapa, kwao ni wakulima wa muhogo. Miaka ishirini na mitatu, haogopi kitu. Ana kasoro moja tu: anauliza maswali. Leo ameuliza kwa nini meli ya chuma haizami. Nimemwambia hilo ni somo la muhula wa pili. Hatuna muhula wa pili.

Kisha akatoa barua. Nimeisoma mara nne. Kampuni moja ya Mombasa inayowatafutia mabaharia kazi imemwita kwenye usaili tarehe kumi na sita. Mwanafunzi wa sitahani, meli ya mizigo. Meli ya kweli! Aje na cheti cha mafunzo ya msingi ya usalama, chenye kipengele kipya.

Mama yake ameshatangaza kanisani. Kwapa yote imeomba, hata Waanglikana.

Nikakaa kuandika somo jipya. Mwonevu ni mtu wa namna gani? Nimefikiri sana, sikupata mfano hata mmoja. Nikamwita Akwi aache kufua mashati yangu (hayo ni mazoezi ya usafi wa sitaha) aende kuninunulia kalamu. Obore alikuwa akilima sukumawiki zangu. Mazoezi ya mikono. Alipumzika bila ruhusa, nikampulizia filimbi sikioni.

Hadi jioni nilikuwa nimeandika kichwa cha habari tu.

Jumatano, 4 Februari

Kipengele kipya hakitoshi bila mazoezi ya vitendo. Mazoezi yanataka meli. Busia hakuna meli.

Lakini trela zipo!

Nimetembea kando ya foleni ya magari ya mizigo yanayosubiri karatasi za mpakani, nikachagua moja nzuri. Kontena mbili nyekundu, chuma kitupu. Ukisimama juu unaona Kenya. Dereva anaitwa Egau, mtu mpole wa Soroti, amekwama hapo siku tatu na ameshasoma Biblia yake mpaka Hesabu. Amekubali tuitumie Ijumaa asubuhi. Nimemletea mukene kikombe kimoja. Nasirumbi hajui.

Ijumaa, 6 Februari

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Tulianza saa tatu. Magodoro mawili chini: hiyo ndiyo bahari. Akwi akavaa jaketi letu la kujiokolea. Obore akavaa lile nililoshona mwenyewe kwa madumu ya mafuta ya kupikia. Nikapuliza filimbi. Nikatangaza kwamba meli inazama, mabaharia waruke.

Akwi akaruka kabla sijamaliza sentensi. Safi!

Obore hakuruka. Alilala kifudifudi juu ya kontena, akashika chuma kwa mikono yote miwili, akasema anayaona mawimbi. Nikamwambia ni magodoro. Akasema anajua, lakini anayaona.

Hapo injini ya trela ikanguruma. Nikafurahi. Nikadhani Egau ametuongezea sauti ya melini kwa hiari yake. Nikampungia mkono. Naye akanipungia. Karatasi zake zilikuwa zimepita! Nyuma yake madereva arobaini wanapiga honi. Trela likaondoka taratibu, na juu yake Obore, madumu mgongoni, akiita jina la mama yake.

Nilipuliza filimbi. Nilipuliza sana. Akwi akaniuliza namba ya Egau. Sikuwa nayo. Akanitazama mara moja tu, nisingependa kutazamwa hivyo tena. Akarukia pikipiki ya Obore mwenyewe, jaketi la rangi ya chungwa bado mwilini, akalifuata trela.

Mimi nilibaki kusimamia bandari.

Alilipata karibu na Busitema. Alipita mbele, akapunga jaketi, Egau akasimama. Akapanda juu, akakuta vidole vya Obore vimekaza kama vya maiti, akavifungua kimoja kimoja huku akimwambia apumue naye. Dakika ishirini. Kisha akamshusha. Obore amesema alikuwa ameshawaachia ndugu zake pikipiki, moyoni.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo walikuwa wamejaa barabarani na simu zao juu. Sina la kusema kuhusu hilo.

Alasiri nimetoa matokeo. Akwi: amefaulu. Obore: ameshindwa kuruka, lakini amesafiri. Amefaulu. Kuhusu uonevu na unyanyasaji nimewasomea kile kichwa cha habari mara mbili, tukaafikiana kwamba ni vibaya. Nimepiga muhuri. Mchongaji alichora meli lakini imetoka kama sufuria yenye mpini.

Akwi ameshika cheti chake kwa mikono miwili, amekipigia goti. Chuo kina mhitimu wa sheria mpya! Pengine wa kwanza ndani ya Uganda!

Jumamosi, 7 Februari

Video imevuka mpaka kabla yangu. Watu wameiita "Meli ya Busitema". Muuza chapati ameniuliza lini naondoka na kama nina nafasi ya mbuzi.

Na baya zaidi: amekuja Mugeni.

Huyu Mugeni ni binti wa shemeji yangu Ojiambo, wa Busia ya Kenya, nyumba ile ya bati la buluu. Ana miaka ishirini na tisa. Ni afisa wa tatu kwenye meli ya mizigo, yuko nyumbani likizo ya miezi miwili. Kila akija watu wanasahau kwamba Busia tayari ina kapteni. Miezi kumi na moja nimekaa baharini mimi! Kwamba nilikuwa nikimenya viazi na kuosha sufuria, hilo ni suala la idara tu.

Amevuka kwa miguu na sukari ya shangazi yake, ndiye Nasirumbi wangu. Alikuwa ameona video. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kwa adabu. Kisha akaona nakala ya cheti cha Akwi mezani na kicheko kikakatika.

"Anko, hii umempa mtu?"

Nikamwambia nimempa baharia.

"Anaenda nayo wapi?"

Nikamwambia Mombasa, kwenye usaili. Nikaongeza kwamba kina kipengele kipya.

Akakishika kwa kucha mbili. Akaeleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Chuo lazima kiwe kimekubaliwa na mamlaka ya bahari ya nchi. Kila cheti kina namba, na namba inatafutwa kwenye kompyuta.

"Wataiandika hapo, haitatokea. Watajua ni feki. Jina lake litaandikwa, anko. Hatapanda meli tena maisha yake, hata akija na cheti cha ukweli."

Nimemwambia kompyuta nazo hukosea.

Nasirumbi alikuwa akichambua mukene. Akasema bila kuinua kichwa kwamba Mugeni atafundisha Jumatatu darasani kwangu hilo somo jipya, na mimi nitakaa nyuma nisikilize. Nikasema ratiba imejaa. Akasema, "Baba Joan." Hilo tu.

Ratiba ikapatikana.

Jumatatu, 9 Februari

Nilikuwa nimejiandaa kumtega. Nilikuwa na maswali sita, moja kuhusu nanga. Sikuuliza hata moja.

Mugeni alisimama mbele bila karatasi. Alisema alipokuwa mwanafunzi melini, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa, kulikuwa na afisa mmoja aliyekuwa akigonga mlango wake kila baada ya chakula. Kila siku. Hasemi kitu, anagonga tu na kucheka. Yeye akaanza kulala amevaa viatu. Alipolalamika wakamwambia bahari ndivyo ilivyo. Wiki ya saba fundi wa mitambo, mzee mmoja asiyemjua vizuri, alileta kiti chake akakaa nje ya mlango ule akisoma gazeti. Siku tatu mfululizo. Kisha akaenda naye kwa nahodha wakaandika taarifa, majina yote mawili.

Akasema sheria mpya ni hiyo tu. Baharia ajue tangu siku ya kwanza uonevu unafananaje, aripoti wapi, na akimwona mwenzake anaonewa alete kiti.

Akwi alikuwa akiandika kila neno. Hajawahi kuandika hivyo kwangu.

Nikaona nimepitwa. Nikasimama nikasema hata mimi ninacho kisa, cha kuchekesha. Ni kisa changu maarufu. Nimekisimulia kila baa ya Busia, pande zote mbili, na watu hugonga meza. Mpishi mkuu alisema supu yangu ina chumvi. Akanisukuma ndani ya chumba cha barafu, akafunga kwa nje. Mimi na nyama za kondoo! Nikaanza kuwahesabu kondoo wale, nikawapa majina ya wajomba zangu. Saa nzima. Nilipotoka nilikuwa natembea kama kuku, na jiko zima likacheka, na mimi nikacheka.

Huwa ndipo watu wanapogonga meza.

Hakuna aliyegonga. Obore, yule yule niliyempulizia filimbi sikioni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Uliambia nani, Kapteni?"

Miaka kumi na minane nasimulia kisa hiki, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Hakuna," nikasema.

"Hata mama Joan?"

"Yeye namwambia ile ya kuchekesha."

Akwi akauliza kama kilikuwepo kidonda. Nikawaonyesha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hakina hisia tangu siku ile. Akakibonyeza kwa kalamu, taratibu, akaniuliza nasikia. Nikasema sisikii.

Nimefunga darasa mapema. Njia nzima kurudi nilisikia baridi, na jua lilikuwa kali. Malaria bila shaka. Nimenunua dawa.

Jumatano, 11 Februari

Malaria imepona. Akili imerudi.

Nimetambua hatari. Mugeni amempigia simu rafiki yake Mombasa, chuo cha kweli, chenye muhuri usio wa sufuria. Ameongea na ile kampuni pia, na wamekubali kumsogezea Akwi usaili mpaka amalize kozi. Maana yake nini? Mhitimu wangu wa kwanza wa kimataifa atakuwa mhitimu wa mtu mwingine!

Hivyo nikavuka kwenda kwa Ojiambo kumweleza, mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba binti yake anaharibu vijana wa watu. Nilikuwa na mpango mzuri. Nitie shaka kidogo. Niseme siku hizi wapo wengi wanaojiita maofisa, na je, yeye kama baba amewahi kuiona hiyo meli?

Ojiambo alinipokea vizuri mno. Uji wa wimbi, mandazi. Akanivuta mpaka ukutani. Picha kubwa: Mugeni amesimama kwenye chumba cha kuongozea meli, sare nyeupe, vioo na mitambo kila upande. Ojiambo akasema kwa miaka miwili amekuwa na aibu kumwuliza binti yake vitu hivi ni nini, na Mungu ni mwema, leo amemletea kapteni.

Akaweka kidole kwenye kioo cha kwanza. Nikasema televisheni. Akauliza ya nini. Nikasema ya habari. Cha pili nikasema redio. Cha tatu kilikuwa kijiti chenye kitufe chekundu, nikasema honi. Cha nne kilikuwa kama sanduku jeupe, na kusema kweli kilifanana na friji.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mugeni. Ana sinia la chai. Sijui alikuwa amesimama tangu televisheni au tangu redio.

Aliniwekea sukari vijiko vitatu, ninavyopenda, akasema, "Karibu chai, anko."

Ningeona afadhali anitukane.

Alhamisi, 12 Februari

Basi la Mombasa linaondoka saa nane mchana, upande wa Kenya. Nilikwenda mapema. Nia yangu naiandika hapa waziwazi: nilikwenda kumshawishi Akwi aende moja kwa moja kwenye usaili na cheti changu. Nilikuwa nimemletea plastiki ya kukitia, kisikunjike. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba.

Mama yake alikuwepo, na kuku wawili wa njiani. Mama huyu alinishika mikono akasema tangu Akwi aseme anataka meli, watu wote wa Kwapa walicheka, ni mimi peke yangu niliyesema inawezekana. Nikamwambia ni kawaida yangu.

Mugeni alikuwa mbali kidogo anazungumza na kondakta. Akwi akanivuta kando, nyuma ya wauza maji.

"Kapteni, mimi nakwenda sasa. Mugeni nasema hii karatasi nisionyeshe mtu. Mama nasema wewe ndiye mwalimu, nisikilize wewe. Mimi nakuuliza wewe."

Nikaanza hotuba. Nikafika kwenye neno kimataifa. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi.

"Kama mimi ni Joan. Joan wako. Ungempa hii karatasi, aingie nayo kule?"

Joan wangu anasomea uuguzi Tororo. Mwaka jana alitaka kwenda chuo kimoja cha bei nafuu na mimi nikatembea ofisi tatu kuhakikisha kama kimesajiliwa. Akwi hakulijua hilo. Hakuna aliyelijua.

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ndiyo. Neno fupi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

"Hapana," nikasema.

Sijui limetoka wapi! Nikajaribu kulirudisha, nikashindwa. Yakafuata mengine.

"Usiionyeshe. Mimi siyo kapteni, Akwi. Mimi nilikuwa namenya viazi."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile swali ya meli ya chuma."

Alikunja cheti mara nne akakitia kwenye mfuko wa ndani wa begi. Nikamwuliza kwa nini asikitupe. Akasema ni kumbukumbu, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa karatasi yenye jina lake. Kisha akasema kitu nitakachokiandika na nisikirudie.

"Ulikuwa naniita baharia. Kila siku. Hata nikifua shati."

Akapanda. Mama yake akalia, mimi nikawashika kuku, kondakta alikuwa amewakataa. Basi lilipokata kona Mugeni akaja kusimama karibu nami, akasema, "Umefanya poa, anko." Nikamwambia upepo una vumbi sana upande huu wa Kenya, macho yanauma.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeng'oa kibao cha chuo. Mwenyewe, kwa nyundo ya Obore. Nimemwambia Nasirumbi nimemaliza na bahari. Amepika nyama.

Nimemsimulia kile chumba cha barafu. Siyo ile ya kuchekesha. Alikishika kile kidole akakaa nacho tu. Amesema angekuwepo angemchemsha yule mpishi.

Nimelala vizuri kama mtoto.

Jumatatu, 16 Februari

Kibao nimekirudisha. Ukuta ulionekana uchi.

Alhamisi, 26 Februari

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Asubuhi Akwi amepiga simu. Amefaulu mambo yote, na kile kipengele kipya amepata alama za juu kuliko darasa zima. Alipoulizwa afanye nini akiona mwenzake anaonewa, alijibu ataleta kiti, mwalimu akamtaka aeleze, akaeleza. Usaili ameshafanya. Meli ni Aprili. Alikuwa akilia na kucheka. Nasirumbi naye. Mimi moshi wa jikoni uliniingia.

Kisha akapunguza sauti. Akasema kuna jambo. Walipokuwa wanakagua nyaraka, mwalimu mmoja aliona karatasi imekunjwa mara nne kwenye begi lake. Akaifungua. Akaangalia muhuri kwa muda mrefu. Akauliza imetoka wapi. Akwi amesema hakutaka kusema, lakini anwani imeandikwa hapo juu, na namba ya simu, na picha yangu. (Niliiweka mwenyewe, kulia, kofia ikiwa imeinama kidogo.) Amesema, "Kapteni, tafadhali, ondoa kibao. Leo hii."

Binti mnyenyekevu! Anaogopa nisije nikazidiwa na wageni.

Kwa sababu saa moja baadaye simu imelia tena. Namba ya Mombasa. Mwanaume wa mamlaka ya bahari, sauti ya ofisi, adabu tupu. Akauliza kama mimi ndiye mkuu wa Chuo cha Mabaharia cha Maziwa Makuu. Nikasema ndimi. Akauliza tumetoa vyeti vingapi. Alitaka kujua kweli! Nikasema kumi na kimoja, na nikamweleza historia yote, trela, magodoro, mpaka Obore. Alikuwa anaandika, nilisikia kalamu. Hakunikatiza hata mara moja. Nusu saa! Lini mtu amenisikiliza nusu saa?

Akaomba picha ya kibao, ya muhuri, na orodha ya wahitimu. Nimemtumia zote. Nimeongeza yangu mbili nikiwa na filimbi. Amesema nyaraka kamili kiasi hiki si kawaida. Amesema atawasiliana na wenzake wa upande wa Uganda, na Jumatano ijayo watakuja pamoja, wenyewe, kuonana nami ana kwa ana.

Nchi mbili. Kwa ajili yangu.

Nasirumbi amenifungia begi. Ameweka mashati mawili, mswaki na nauli ya kwenda kwa binamu yangu Moroto, akasema niondoke sasa hivi nisigeuke nyuma. Hana habari ya mambo ya itifaki. Wageni waje wasimkute mwenyeji? Nimelifungua begi, nimetoa shati jeupe, nimelitundika linyooke.

Obore ameuliza kama naye lazima awepo. Nimemwambia atakuwa mpokea wageni. Amesema Jumatano ana safari ya Nagongera, ya ghafla.

Hema nimekodi. Mbuzi nimeshamchagua. Na fundi yuko nje sasa hivi, juu ya ngazi, anaongeza mstari kwenye kibao kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zisomeke kutoka barabarani: KINATEMBELEWA NA SERIKALI MBILI.